Kuvuta Trela Marekani: Kwa Nini Kila Mtu Anakupa Jibu Tofauti

Uliza kwenye kundi lolote la WhatsApp la Waswahili walioko Marekani kama kuvuta trela kwa pikapu kunadai CDL, yaani leseni ya udereva wa magari ya biashara, halafu kaa pembeni usome. Wa Houston atajibu kwamba wala, yeye anavuta siku zote na hajaulizwa na mtu. Wa Sacramento atasema trela nzito isiyo na breki ni faini. Wa Boston atashangaa, maana jirani yake anavuta trela ya boti isiyo na breki hata ya dawa, na polisi wanapishana naye kila Jumamosi. Kabla hawajamaliza, mjuaji wa kundi atatuma sauti ndefu akidai kwamba sheria imebadilika na sasa kila trela inataka leseni ya lori.

Mjuaji tumwache. Wale watatu wa kwanza wanaweza kuwa wakweli wote, kila mmoja mahali pake. Kinachowagonganisha ni kwamba wanajibu maswali matatu tofauti wakidhani ni moja.

Swali la kwanza ni gari lako linaweza kuvuta kiasi gani. Hilo ni la mtengenezaji wa gari, na jibu lake halibadiliki ukivuka mpaka. Swali la pili ni dereva anahitaji leseni na vibali gani. Misingi yake imewekwa na serikali kuu ya Washington kwa upande wa biashara, kisha majimbo yakaongeza ya kwao. Swali la tatu ni trela iwe na vifaa gani na iende kwa kasi gani. Hapo ndipo majimbo yanatawala, na jimbo linalohesabika kwa kawaida ni lile ambalo matairi yako yanalikanyaga wakati huo, hata kama gari na trela vimesajiliwa kwingine.

Kwa anayetoka Afrika Mashariki hili linaudhi kidogo. Lori likitoka Dar es Salaam kwenda Kigali linapimwa kwenye mizani kwa sheria moja ya Jumuiya, yenye kikomo cha tani 56, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019. Nchi mbili, kikomo kimoja. Marekani ni nchi moja, lakini kwa trela ndogo za watu wa kawaida kuna majimbo 50 na kila moja lina kitabu chake.

Na wavutaji wa trela miongoni mwetu si wachache. Kuna wanaokata nyasi, wanaohamisha nyumba, wanaonunua magari yaliyogongwa kwenye minada na kuyapeleka bandarini kwa ndugu wa Kongo, Burundi na Rwanda ambako huendeshwa upande wa kulia. Kuna pia wanaoanza kusafirisha mizigo kwa pikapu na trela ndefu, kazi ambayo madereva wanaiita hotishoti. Hawa wa mwisho ndio wanaoumia zaidi kwa ushauri wa WhatsApp.

Uzito gani hasa unaohesabika?

Nusu ya ubishi ungeisha kama watu wangekubaliana uzito unaozungumzwa ni upi. Upo uzito wa trela ikiwa tupu. Upo uzito wake leo ikiwa na mzigo, ule ambao mizani ingeuonyesha. Na upo uzito wa juu kabisa ambao mtengenezaji ameiruhusu ibebe pamoja na mwili wake wenyewe. Huu wa tatu ndio unaoandikwa kwa herufi GVWR. Kwenye trela, utafute kwenye bati au kibandiko cha kiwandani, mara nyingi ubavuni kwa mbele, upande wa kushoto. Kwenye gari, fungua mlango wa dereva na utazame fremu yake.

Sheria ya leseni inatazama uzito huo wa kibandiko. Mizani nayo ina kauli yake: ukipakia kupita kibandiko, uzito halisi ndio utakaokuhukumu, kwa kuwa kinachochukuliwa ni kile kilicho kikubwa. Kwa hiyo mtu anaposimamishwa na kujitetea kwamba "afande, trela ni tupu", hajajitetea chochote. Trela ya pauni 14,000 ni ya pauni 14,000 hata ikiwa imebeba majani makavu.

Sasa tuingie kwenye CDL. Leseni ya kibiashara ya daraja A inahitajika pale mambo mawili yanapokutana: jumla ya uzito wa kibandiko wa gari na trela ifike pauni 26,001, yaani karibu kilo 11,800, na trela peke yake izidi pauni 10,000. Yote mawili kwa pamoja. Kama gari peke yake linafika pauni 26,001, basi ni habari nyingine, ya daraja B.

Tuchukue pikapu kubwa yenye matairi mawili mawili nyuma, ya pauni 14,000. Ukiifunga trela ya pauni 14,000, jumla ni 28,000 na trela imezidi 10,000, kwa hiyo CDL inahitajika. Badilisha pikapu, chukua ya pauni 11,500, acha trela ile ile. Jumla inakuwa 25,500 na CDL haihitajiki, ingawa trela haijapungua hata skrubu moja. Sasa chukua lori dogo la pauni 18,000 na trela ya pauni 9,990. Jumla ni 27,990, imevuka mstari, lakini trela haijazidi 10,000, kwa hiyo hapa pia hapana.

Umewahi kujiuliza kwa nini trela nyingi madukani zimeandikwa 9,990, namba isiyo na kichwa wala miguu? Ndiyo sababu. Mtengenezaji ana chuma kinachoweza kubeba zaidi, lakini anaandika 9,990 ili mnunuzi abaki upande salama wa mstari. Ukiinunua, umenunua pia kikomo hicho. Usiipakie kwa nguvu za chuma chake, ipakie kwa namba ya kibandiko.

Hayo yote ni kwa kazi za biashara. Mtu anayevuta nyumba yake ya magurudumu kwenda likizo hahitaji CDL kwa sheria ya serikali kuu, lakini asifurahi mapema, kwa sababu majimbo yana madaraja yao yasiyo ya kibiashara. California inataka daraja A lisilo la kibiashara kwa nyumba ya magurudumu inayozidi pauni 10,000, ingawa kuna njia ya kibali maalumu kwa zile zinazokalia mgongo wa pikapu mpaka pauni 15,000. Texas nayo ina daraja A la namna hiyo kwa msafara unaozidi pauni 26,000.

Mstari ambao wengi hawauoni

Wakati kila mtu anabishana kuhusu 26,001, mstari unaowakamata watu ni mwingine, tena wa chini zaidi: pauni 10,001. Ukifanya kazi ya biashara inayovuka jimbo, na jumla ya vibandiko vya gari na trela imefika hapo, wewe machoni pa serikali ni msafirishaji. Unahitaji namba ya USDOT, ile ya Idara ya Uchukuzi ya Marekani ya kumtambulisha msafirishaji, ubavuni mwa gari, cheti cha daktari, kumbukumbu za saa za kuendesha, na kizimamoto ndani. Kama unabeba mali ya watu wengine kwa malipo, kuna pia kibali cha usafirishaji na bima yake, ambayo si ile bima ya gari la nyumbani. Majimbo mengi yamechukua kanuni hizi na kuzitumia hata kwa safari za ndani ya jimbo.

Fikiria mwenye kampuni ya kukata nyasi. Pikapu yake ya kawaida ni pauni 7,000 kwa kibandiko, trela ya mashine ni pauni 7,000. Jumla ni 14,000. Hana haja ya CDL, na hapo aliyemshauri alisema kweli. Lakini akichukua kazi ng'ambo ya mpaka wa jimbo bila namba ya USDOT, amevunja sheria tangu aliposhika barabara. "Huhitaji CDL" na "huhitaji chochote" ni sentensi mbili zilizo mbali sana.

Wapo wanaobandika maandishi ya "Not For Hire" (si la kukodishwa) kwenye mlango wakidhani ni hirizi. Maandishi hayo hayana nguvu yoyote peke yake. Msamaha wa kanuni upo kwa mtu binafsi anayesafirisha mali yake mwenyewe mara moja moja, bila malipo na bila uhusiano na biashara, na unamfaa awe na kibandiko au asiwe nacho. Kama nyuma kuna magari matatu ya mnada na simu imejaa ujumbe wa bei, kibandiko hakitamshawishi askari.

Breki, kasi na mipaka ya majimbo

Hapa ndipo wa Boston na wa Sacramento wanapokosana. Majimbo mengi yanadai trela iwe na breki zake mara inapofika uzito wa pauni 3,000, kama kilo 1,360. Lakini neno ni "mengi". Texas imeweka 4,500. California inashuka mpaka 1,500 kwa trela za kupigia kambi. New York inatazama namba mbili: pauni 1,000 ikiwa tupu au 3,000 ikiwa imejaa. Massachusetts imepanda juu kabisa, pauni 10,000 za trela tupu.

Sasa mchukue huyo jirani wa Boston na trela yake ya pauni 3,500 pamoja na boti, haina breki. Nyumbani kwake ni halali. Akiingia New York amekuwa mkosaji, na Pennsylvania hali ni ile ile. Akifika Texas anakuwa halali tena. Trela haikubadilika, boti haikubadilika, na yeye hakupata onyo lolote njiani, maana hakuna kibao mpakani kinachosema "breki za trela: 3,000". Ushauri wangu kwa anayesafiri mbali ni mmoja tu: funga vifaa vinavyolitosheleza jimbo kali kuliko yote utakayopita, kisha usahau ramani.

Upande wa kasi California ndiyo yenye sifa. Gari lolote linalovuta trela, hata kijitrela cha pikipiki, lisizidi maili 55 kwa saa, yaani kama kilomita 88. Kwenye barabara ya I-5 katikati ya jimbo, magari mengine yanaruhusiwa 70, na mwenye trela anatakiwa akae leni ya kulia. Mgeni kutoka Arizona anayefuata mwendo wa wenzake ana maili 15 za ziada kwenye karatasi ya faini bila kujua. Majimbo mengi mengine yanamwachia mwenye trela kikomo kile kile cha magari ya kawaida, jambo ambalo mimi naliona ni la kumtega mtu. Kutoka maili 55 hadi 75, nguvu ambayo breki zinapaswa kuimeza inakaribia kuwa mara mbili. Na kampuni za kukodisha trela zinajua hilo. U-Haul imeandika maili 55 kama kikomo cha trela zake popote ulipo.

Mengine nayapitia haraka. Upana wa trela ni futi 8 na nusu. Minyororo ya usalama inatakiwa karibu kila mahali. Kupandisha watu ndani ya trela inayotembea ni marufuku katika majimbo mengi, hata kama mna kiti kizuri na watoto wamelala. Kufunga trela ya pili nyuma ya ya kwanza Texas inaruhusu kwa masharti, New York haitaki. Florida ina vituo vya ukaguzi wa kilimo kwenye barabara zake kuu, na trela, hata ya kukodi iliyojaa makochi, inatakiwa kuingia. Kupita moja kwa moja ni kosa. Na ukiona trela yenye namba za Maine huko Dallas usidhani imetoka kule kwenye baridi. Maine inasajili trela kwa miaka mingi kwa mkupuo na kwa bei nafuu, hivyo kampuni kutoka kila pembe hukimbilia huko.

Leseni yako ya jimbo moja inaheshimiwa kwenye mengine kwa kadiri ya daraja lake. Hii ndiyo nafuu pekee ya mpakani. Usiichanganye na vifaa.

Gari "lina nguvu", lakini

Tumalize ile ya mtengenezaji, kwa sababu imeharibu giaboksi nyingi. Mtu ana Toyota Highlander ya V6 yenye vifaa vya kuvutia, uwezo pauni 5,000. Amenunua RAV4 mnadani, anataka kuipeleka bandarini. RAV4 ni kama pauni 3,500. Anasema: 3,500 ni chini ya 5,000, twende. Amesahau kwamba trela yenyewe ya kubebea gari, ile ya ekseli mbili ya kukodi, ina kama pauni 2,200. Jumla ni 5,700. Amezidisha pauni 700 kabla hajaweka mtu ndani, na injini haitalalamika, itavuta vizuri tu kwenye tambarare. Shida itakuja kwenye mteremko, wakati wa kusimama.

Kuna na namba nyingine ndogo inayosahaulika. Mlangoni mwa dereva pana kibandiko chenye picha ya tairi kinachosema jumla ya uzito wa watu na mizigo isizidi kiasi fulani. Uzito ambao shingo ya trela, ule mkono wa mbele unaofungwa kwenye gari, inaukandamiza nyuma ya gari unahesabiwa humo humo. Trela ya pauni 5,000 iliyopakiwa sawasawa inakandamiza kuanzia pauni 500. Kama kibandiko kinaruhusu 1,200, watu wazima watano wameshachukua 900. Fanya hesabu mwenyewe. Na kiungo cha kuvutia kilichofungwa chini ya bampa, pamoja na ule mpira wa chuma juu yake, navyo vina namba zao. Katika namba zote hizo, unayotakiwa kuifuata ni ndogo kuliko zote. Kubadilisha kiungo na kuweka kikubwa hakuliongezei gari uwezo.

Kwa nini trela inachapa mkia

Ile shingo tuirudie, maana ndiyo kiini cha ajali nyingi za trela. Kanuni inayotumika ni kwamba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela ikae kwenye shingo. Watu wengi wakisikia hivyo hufikiri ni jambo la kulinda springi za gari. Sivyo.

Aliyewahi kumwona mvuta mkokoteni wa Kariakoo akipakia magunia anaielewa tayari. Akiweka mzigo nyuma mno ya ekseli, mikono ya mkokoteni inainuka na kumnyanyua yeye mwenyewe, miguu inapapasa chini na hana tena amri juu ya mzigo. Akiweka mbele mno, mikono inamlemea. Anatafuta pale ambapo panamlalia kidogo, ili miguu yake ibaki imeshika chini. Trela inafanya hivyo hivyo kwa magurudumu ya nyuma ya gari lako. Mzigo ukikaa nyuma ya ekseli, shingo inainua nyuma ya gari, magurudumu yanapoteza mshiko, na upepo wa lori linalokupita unatosha kuifanya trela ianze kuyumba. Kwa kasi ndogo itatulia yenyewe. Kwa maili 70 kila myumbo unakuwa mkubwa kuliko uliotangulia.

Ndiyo maana gari linapopandishwa kwenye trela, injini ikae mbele. Ndiyo maana mashine ya nyasi inaanza kupakiwa mbele, si pale mlangoni panaporahisisha kazi. Hesabu ya haraka ni asilimia 60 ya mzigo nusu ya mbele. Kwa uhakika zaidi, pitia mizani ya CAT kwenye kituo cha malori, upime gari na trela pamoja.

Trela ikianza kuchapa mkia, miguu yako itataka kukanyaga breki ya gari kwa nguvu. Usifanye. Gari litapunguza mwendo, trela haitapunguza, na vitajikunja kama kisu cha mfukoni. Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani uwe imara bila kuupigisha kushoto na kulia, na kama una kidhibiti cha breki za trela karibu na goti, sukuma kile kijiti chake ili trela peke yake ishike breki na ikuvute nyuma. Kuongeza mafuta ili "kuinyoosha" ni ushauri unaozunguka sana, na unakuongezea kasi ambayo ndiyo iliyokuponza.

Vitu vidogo vinavyodanganya macho

"Trela ina breki" ni kauli isiyotosha. Trela nyingi za kukodi zina breki zinazojisukuma zenyewe trela inapogandamiza shingo. Hizo hazihitaji kitu ndani ya gari. Nyingine ni za umeme, na bila kile kidhibiti ndani ya gari ni vyuma tu. Plagi ya pini nne inapeleka taa, haipelekei breki umeme. Breki za umeme zinataka ile ya mviringo yenye pini saba. Mtu anaweza kuvuta tani mbili na nusu akiwa na breki kamili kwenye magurudumu yote manne ya trela, na hakuna hata moja inayofanya kazi.

Pale shingoni, trela yenye breki za umeme ina kijisanduku chenye betri ndogo na waya mwembamba wenye pini. Huo ni wa kuokoa: trela ikichomoka, waya unang'oa pini na breki zinajifunga. Kanuni za serikali kuu kwa magari ya biashara zinataka breki hizo zishikilie angalau dakika 15. Makosa ninayoyaona mara kwa mara ni mawili. La kwanza, waya umefungwa kwenye mnyororo au kwenye mpira wa chuma, kwa hiyo kiungo kikichomoka chote, waya unaondoka nacho bila kung'oa kitu. Ufunge kwenye fremu ya gari. La pili, betri imekufa miaka mingi iliyopita. Ng'oa pini kwa mkono ukiwa umesimama, sukuma gari kidogo mbele; kama magurudumu ya trela yanazunguka, huna kinga.

Minyororo ipishane chini ya shingo, wa kushoto kwenda kulia na wa kulia kwenda kushoto, ili shingo ikidondoka idakwe kabla haijachimba lami. Iwe na ulegevu wa kupinda kona, isiburuzike.

Mikanda ya kufungia mizigo ndiyo inayonunuliwa kwa kudanganywa na namba. Kwenye pakiti imeandikwa 10,000 kwa herufi kubwa. Hiyo ni nguvu ya kukatikia. Geuza, soma maandishi madogo: kiwango cha kazi ni 3,333, theluthi moja. Hicho ndicho cha kuhesabia, na jumla ya viwango vya mikanda yote inatakiwa kufika angalau nusu ya uzito wa mzigo. Kwa gari dogo lililopandishwa trela, kanuni ya biashara inadai angalau mikanda miwili, yenye kushika mbele na nyuma. Wenye uzoefu huweka minne, na mimi niko upande wao.

Tairi za trela nazo zina alama ya ST, na nyingi zimetengenezwa kwa maili 65, si zaidi. Mara nyingi zinakufa kwa uzee kabla ya kuisha kashata, maana trela inakaa juani uani miezi na miezi. Tafuta zile tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata inaweza kuwa mpya kabisa na pembeni pameshapasuka nyufa ndogo.

Kuhusu bima, ya gari la nyumbani kwa kawaida inafuata trela kwa upande wa madhara unayomsababishia mwingine ikiwa imefungwa kwenye gari. Trela yenyewe na kilichomo ndani yake ni suala lingine, na safari ya biashara mara nyingi imeondolewa kabisa kwenye mkataba. Mpigie wakala wako kabla ya safari, umwambie wazi unabeba nini na kwa ajili ya nani.

Baada ya kuondoka, kanuni ya mizigo ya biashara inamtaka dereva akague kamba na mikanda ndani ya maili 50 za kwanza, kisha kila maili 150 au kila saa tatu, kinachotangulia. Zile 50 za kwanza ndizo zenye kazi: mzigo unatikisika na kukaa, mkanda uliokuwa umekaza unalegea, na kitovu cha gurudumu chenye grisi pungufu kinakuwa kimeshapata moto kiasi cha kukuunguza kiganja ukikigusa.